Upepo Tunao, Mvuke Tunao: Mbona Stima Inapotea?



Swali hili tumeulizwa mara nyingi na vikundi tunavyovitembelea. Akina mama wa kikundi cha kuku walituuliza baada ya mayai yao kuharibika ndani ya mashine ya kuangulia. Fundi wa kuchomelea vyuma alituuliza akiwa ameketi kando ya geti ambalo halijaisha, na mwenye geti amesimama pale anadai. Muuguzi wa zahanati naye alituuliza, na yeye hakuwa anacheka. Alisema, "Mama hawezi kuambiwa angoje stima irudi ndipo ajifungue."

Wote waliuliza jambo moja: Tunaambiwa kila siku kwamba Kenya ni tajiri wa upepo, jua na mvuke wa ardhini. Basi mbona stima inapotea? Wengine wanaongeza: Au ni huo upepo wenyewe unaotuletea giza?

Tumeona afadhali tulijibu swali hili kwa utaratibu, kwa sababu mtu asiyejua ugonjwa hununua dawa isiyofaa. Someni pamoja katika kikundi, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

STIMA HAINA GHALA

Mahindi yakiwa mengi tunayaweka ghalani. Maharagwe tunayaweka kwenye gunia. Stima si hivyo. Stima inayowasha taa yako sasa hivi imetengenezwa sasa hivi. Haikutengenezwa jana ikawekwa mahali. Betri zipo, ndiyo, lakini za kutosha nchi nzima hatuna.

Kwa hiyo kuna sheria moja ambayo mafundi wa gridi ya taifa hawawezi kuikwepa: stima inayotengenezwa na stima inayotumiwa lazima ziwe sawa. Si sawa kwa mwezi, wala kwa siku. Sawa kila sekunde.

Hebu fikiria maksai wanne wanaovuta plau moja, wamefungwa nira. Wanakwenda mwendo mmoja. Udongo ukiwa mgumu, wanapunguza mwendo kidogo, mkulima anawahimiza, wanaendelea. Lakini maksai mmoja akianguka ghafla, wale watatu wanabeba mzigo wa wanne. Mwendo unashuka. Wakizidiwa, mkulima mwenye akili anawafungua haraka kabla hawajavunjika shingo. Plau inasimama.

Gridi yetu ni vivyo hivyo. Mashine kubwa za Gitaru, za Olkaria na za Mombasa zimefungwa nira moja kwa nyaya ndefu. Zote zinakwenda mwendo mmoja, yaani mizunguko 50 ya stima kwa kila sekunde. Watu wakiwasha vitu vingi, mwendo unataka kushuka; mafundi wanafungulia maji zaidi au mvuke zaidi ili urudi. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, mwendo unashuka kwa haraka. Ukishuka mno, mashine zilizobaki zinajifungua zenyewe kutoka kwa nira ili zisiharibike. Moja ikijifungua, mzigo wa zile nyingine unazidi. Hapo ndipo unasikia nchi nzima imeingia giza kwa dakika chache tu.

Uzito wa maksai pia unasaidia. Mashine nzito inayozunguka haisimami mara moja. Inachukua muda, na muda huo mdogo unawapa mafundi nafasi ya kuokoa mambo. Mashine za upepo na paneli za jua huungwa kwenye gridi kupitia vifaa vya elektroniki. Zinasukuma plau kutoka pembeni, zikifuata mwendo wa maksai. Nguvu zinatoa, lakini uzito wa kushikilia mwendo ni mdogo, isipokuwa vifaa vyake vimetengenezwa na kuwekwa sawa kwa kazi hiyo.

KILA CHANZO NA TABIA YAKE

Leo karibu sehemu 9 kwa 10 za stima inayotengenezwa Kenya hutoka kwa vyanzo visivyokwisha. Ni sifa kubwa, na nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Lakini kila chanzo kina tabia yake, kama watoto wa nyumba moja.

Maji. Haya ndiyo mazoefu zaidi. Mto Tana una mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Uzuri wa maji ni kwamba unaweza kuyafungulia au kuyapunguza upesi watu wanapowasha au kuzima. Ubaya wake ni ukame. Wazee wetu hawajasahau mgao wa stima wa mwaka 1999 na 2000, wakati mvua ilikataa na viwanda vikafungwa kwa masaa.

Mvuke wa ardhini. Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza kutoa stima mwaka 1981. Leo mvuke unatupa karibu sehemu 4 kwa 10 za stima yetu yote. Hautegemei mvua, hautegemei jua, unafanya kazi usiku na mchana. Lakini haupendi kupandishwa na kushushwa kila saa. Usiku wa manane, watu wanapolala, mvuke mwingine huachiliwa hewani bure kwa sababu hakuna anayeutumia.

Upepo. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mashine 365 za upepo ambazo zikifanya kazi zote hutoa megawati 310. Zilianza kuleta stima kwenye gridi mwaka 2018, baada ya laini ndefu ya zaidi ya kilomita 420 kufika Suswa. Upepo wa kule ni mkali na wa kuaminika kuliko wa sehemu nyingi duniani. Hata hivyo, upepo ni upepo, hauulizi mtu.

Jua. Kituo cha Garissa cha megawati 50 kilifunguliwa mwaka 2019, na baadaye vingine vikafuata. Zaidi ya hivyo, viwanda, vyuo na mashamba ya maua vimejiwekea paneli vyenyewe. Jua linasaidia sana mchana. Lakini linatua saa kumi na mbili na nusu, wakati ambapo mama anawasha taa, watoto wanawasha televisheni na mwenye hoteli anawasha kila kitu.

Mafuta. Mitambo ya mafuta huwashwa haraka, lakini stima yake ni ya bei kali, na bei hiyo tunaiona kwenye bili na kwenye tokeni.

Majirani. Uganda na Kenya zimeunganishwa kwa miaka mingi. Tangu Novemba 2022 tunanunua stima ya maji kutoka Ethiopia, megawati 200 za kuanzia, kupitia laini inayofika Suswa pia. Mwezi Desemba 2024 laini ya kutuunganisha na Tanzania, kutoka Isinya hadi Singida, nayo ikatiwa stima.

Umeona jina lililotokea mara mbili? Suswa. Tutalirudia.

SIKU MBILI ZA KUKUMBUKA

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo usiku, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza, kwa sababu jenereta ya sehemu moja ilikataa kuwaka. Maeneo mengine yalikaa bila stima usiku ule na karibu siku nzima iliyofuata.

Nini kilitokea? Kampuni ya kusambaza stima ilisema gridi ilipoteza stima ya upepo ya Loiyangalani. Wenye mashine za upepo walijibu kwamba wao hawakuzimika kwa kupenda. Hitilafu ilianzia kwenye gridi, nguvu ya stima kwenye laini ikapanda kupita kiasi, na mashine zao zikajizima ili zisiungue. Wakati huo walikuwa wakitoa takriban megawati 270, karibu sehemu 15 kwa 100 za stima yote ya nchi.

Sisi hatumo katika ubishi huo. Lakini angalieni: kila upande ukiwa na haki, somo ni lile lile. Sehemu kubwa ya stima ya taifa ilikuwa imeningʼinia kwenye kamba moja, na usiku ule hapakuwa na maksai wa akiba wa kutosha kuushika mzigo.

Mwaka uliofuata somo likarudi. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024 laini ya kutoka Loiyangalani ilijikata pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara ikafuata ile laini ya Ethiopia, nayo imebeba megawati 200. Jumla megawati 488, zaidi ya robo ya stima yote iliyokuwa ikitumika saa hiyo. Kenya ikaingia giza, isipokuwa Kaskazini mwa Bonde la Ufa na sehemu za Magharibi.

Je, siku hiyo upepo ulikosa kuvuma? Hapana. Ulikuwa unavuma vizuri sana. Mto wa Ethiopia ulikauka? Hapana. Stima ilikuwepo, lakini ilikosa njia ya kupita. Kama mvua ikibeba daraja moja tu la kwenda sokoni, nyanya zinaozea shambani na sokoni hakuna nyanya.

Na kurudisha stima si kama kubonyeza swichi. Mtambo mwingi unahitaji stima kidogo ndipo uwake. Kwa hiyo mafundi huanza na mitambo inayoweza kujiamsha, hasa ya maji, halafu wanaiunganisha na mtaa mmoja, kisha mwingine, polepole. Wakiharakisha, maksai wataanguka tena. Ndiyo maana unangoja masaa.

SI UPEPO PEKE YAKE

Wengine wamesikia habari hizi wakasema, "Basi tuachane na upepo." Ndugu, tusikimbilie huko.

Tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilikosa stima kwa zaidi ya masaa matatu. Sababu? Tumbili. Alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajizima. Mashine nyingine zikazidiwa na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Tumbili mwenyewe alipona. Gitaru ni kituo cha maji, hakina upepo wala jua.

Tarehe 11 Januari 2022 giza lilikuja tena. Safari hii nguzo za chuma za laini ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka. Zilikuwa zimefunguliwa vyuma na wezi. Mwezi huo huo Serikali ikapiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Mtu mmoja ameuza vipande vya chuma kwa shilingi chache, na hospitali za kaunti nyingi zikabaki gizani.

Kwa hiyo ukweli ni huu: gridi yenye akiba na yenye njia zaidi ya moja inaweza kuvumilia tumbili, mwizi, radi, na upepo uliobadilika. Gridi isiyo na akiba huangushwa na chochote.

Wenzetu wa Australia wamepitia njia hii kabla yetu. Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo lao la Australia Kusini, ambalo hutumia upepo mwingi, liliingia giza lote baada ya dhoruba kuangusha nguzo, na mashine nyingi za upepo zikajizima. Hawakungʼoa mashine zao. Walirekebisha jinsi zilivyopangwa ili zivumilie mshtuko, na mwaka 2017 wakajenga betri kubwa ya megawati 100 inayoshika mzigo mara moja mtambo ukizimika. Leo jimbo hilo linapata zaidi ya nusu ya stima yake kutoka kwa upepo na jua.

SISI NASI TUMEONGEZEKA

Kuna upande wa pili wa mizani, na huo ni sisi watumiaji.

Mwaka 2013 wateja wa stima Kenya walikuwa milioni 2 na ushee. Kufika 2023 walikuwa wamepita milioni 9. Ni jambo la kushukuru. Watoto waliokuwa wakisoma kwa koroboi sasa wanasoma kwa balbu. Kila mji mdogo una kinyozi, mashine ya posho, duka la soda baridi na fundi wa simu. Lakini kila balbu ni udongo zaidi mbele ya plau.

Saa ngumu ni jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi karibu saa nne. Mapema mwaka 2025 mahitaji ya saa hiyo yalipita megawati 2,300, kiasi ambacho nchi haikuwa imewahi kukiona kabla. Na saa hiyo jua limelala. Katika miaka ya 2024 na 2025 wakuu wa stima wamekiri hadharani kwamba jioni hulazimika kukata maeneo mengine, hasa ya Magharibi, ili mengine yapate. Magharibi ni mbali na Olkaria na Tana, na laini za kufika huko hazitoshi.

Basi mnaona jambo la ajabu. Usiku wa manane mvuke unamwagwa. Mchana jua ni tele. Lakini saa moja jioni tunagombania. Shida yetu si ya megawati peke yake. Ni shida ya saa na ya njia. Stima iko saa isiyotakiwa, au iko mahali isikoweza kutoka.

DAWA YA NCHI

Dawa ziko tatu, na zote zinajulikana.

Ya kwanza ni njia zaidi. Kila mahali penye mtambo mkubwa pawe na laini zaidi ya moja, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Laini hazina sherehe kama mitambo. Hakuna anayepiga picha mbele ya nguzo. Lakini laini iliyochelewa ni mtambo uliopotea. Mashine za Loiyangalani zenyewe zilikuwa tayari mwaka 2017, zikakaa zikingoja laini hadi 2018, na pesa za kulipia ucheleweshaji huo zikatoka kwetu.

Ya pili ni akiba. Pawe na mitambo ya maji inayozunguka bila kubeba mzigo wote, tayari kuruka ikihitajika. Pawe na betri kubwa za kushika sekunde na dakika za kwanza, na za kuhifadhi jua la mchana kwa ajili ya jioni. KenGen ina mpango wa betri hizo. Wananchi tuna haki ya kuuliza mpango huo umefika wapi.

Ya tatu ni kuhamisha kazi kutoka saa ngumu. Tangu mwisho wa 2017 viwanda vinavyoongeza kazi usiku wa manane vimekuwa vikipewa bei nafuu, na mwaka 2023 ikaja bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za umeme. Boda boda ya betri inayochajiwa saa nane usiku inakunywa ule mvuke uliokuwa ukimwagwa bure. Ile ile ikichajiwa saa moja jioni inaongeza shida.

DAWA YA KIJIJI

Tusiseme, "Haya ni mambo ya Serikali," tukakunja mikono. Kwanza, mara nyingi giza la kijiji halitoki Suswa. Linatoka kwenye transfoma yetu iliyozidiwa, au kwenye mti wetu wenyewe. Haya ndiyo tunayoyapendekeza.

1. Jueni giza limetoka wapi. Stima ikipotea, angalia kwa jirani. Kama ana stima, shida ni yako: tokeni imeisha au kuna waya wa nyumbani. Kama mtaa wenu wote hauna lakini ngʼambo ya barabara wanayo, huenda ni transfoma. Kama soko zima na soko linalofuata hayana, ni laini kubwa. Hapo sasa mnaripoti mkijua mnachosema, na mtu mmoja aandike tarehe na saa kwenye daftari. Daftari la miezi sita lina nguvu mbele ya afisa kuliko kelele za siku moja.

2. Zahanati isitegemee kamba moja. Chumba cha kujifungulia kinahitaji taa chache tu. Paneli ndogo na betri vinatosha kwa taa hizo, na gharama yake inaweza kuchangwa na jamii. Friji ya chanjo iwekwe kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Stima ikipotea usiifungue kila mara kuangalia. Kila ukifungua unatoa baridi. Weka kipimajoto na uandike.

3. Jenereta ijaribiwe kila wiki. Kumbukeni ile ya uwanja wa ndege. Jenereta isiyowashwa miezi mitatu ni chuma tu. Na isiunganishwe kamwe kwa nyaya za nyumba bila swichi ya kutenganisha na laini ya nje. Stima ya jenereta yako ikirudi kwenye laini inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo, ambaye amekuja kukusaidia.

4. Tangi la maji ni betri. Shule au kikundi chenye pampu, jazeni tangi mchana, wakati jua linasaidia gridi. Maji yaliyo juu yatashuka jioni bila stima. Tangi ni rahisi kuliko betri na halichoki upesi. Kazi ya posho, ya kuchomelea na ya kupiga pasi nguo nyingi ifanywe kabla ya saa kumi na mbili jioni ikiwezekana.

5. Zimeni vitu stima ikipotea. Chomoa televisheni, friji na mashine. Acha balbu moja ili ujue imerudi. Ngoja dakika chache ndipo uwashe friji. Unaokoa vyombo vyako, na kama kijiji kizima kikifanya hivyo, transfoma haitapigwa na mzigo wote kwa mara moja.

6. Wafuga kuku, jipangeni. Stima ikikatika, usifungue mashine ya mayai. Ifunike kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na uweke chupa za maji ya moto kando yake. Kikundi kikiwa na betri moja ya kushirikiana, hasara inapungua.

7. Miti na nyaya havipatani. Usipande mkaratusi chini ya laini. Kama umeshakua, usiukate mwenyewe. Ita wenye laini waje wazime kwanza. Waya ulioanguka usiguswe hata kama unaonekana umekufa. Mtu mmoja asimame mbali kuzuia watoto, mwingine akapige simu.

8. Nguzo ni zetu. Anayefungua vyuma vya nguzo au kuiba mafuta ya transfoma haibi mali ya kampuni. Anaiba pumzi ya mtoto aliye kwenye mashine ya hospitali. Mkimwona, semeni kwa chifu au polisi. Wenye maduka ya vyuma chakavu, msinunue. Na yule anayejiunganishia stima kwa siri usiku ajue kwamba transfoma inayozidiwa ni ile ile inayomhudumia mama yake.

TUMALIZIE

Basi turudi kwa lile swali. Upepo tunao, mvuke tunao, mbona stima inapotea? Kwa sababu tumeongeza maksai na tumeongeza shamba, lakini nira na kamba hazijaongezwa kwa kadiri hiyo. Upepo, jua na mvuke vimetuokoa kutokana na ukame na bei ya mafuta. Sasa vinahitaji laini za pili, akiba, na watumiaji wanaojua saa.

Yule muuguzi tuliyemtaja mwanzoni hakungoja. Kamati ya zahanati ilikaa, ikachanga, ikanunua paneli moja, betri moja na taa tatu. Tulipopita tena usiku mmoja stima ilikuwa imepotea kijiji kizima. Dirisha moja tu lilikuwa na mwanga, na ndani yake mtoto alikuwa analia. Tulisimama kidogo nje tukisikiliza, halafu tukaenda zetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mwezi uliopita stima ilipotea kwetu mara ngapi? Mara ngapi ilikuwa transfoma yetu, na mara ngapi ilikuwa laini kubwa? Kama hatujui, nani ataanza kuandika?

2. Zahanati yetu ina taa gani stima ikipotea saa saba usiku? Nani aliijaribu mara ya mwisho?

3. Ni kazi gani tunazofanya saa moja jioni ambazo tungeweza kuzifanya mchana?

4. Mwakilishi wetu akija, tutamwuliza nini kuhusu laini na transfoma, badala ya kumwomba stima tu?